Avunjaye Chungu Ndiye Mtoto

Mwenye kutaka kuniamini nusu na aniamini nusu. Ile nusu nyingine nitaila mwenyewe kwa kitunguu saumu.

Luan Suqin alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndani ya mji wetu wa zamani wenye boma na maji pande zote. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, akikohoa yeye natema mimi. Mwanamke mfupi, mpana wa kiuno, mikono inanuka tangawizi na nyama ya punda mwaka mzima. Mjini walimwita Mama Soseji. Ukimwona na kigari chake karibu na lango la mashariki, ungedhani hajawahi kushika chuma chochote ila kisu cha kukatia bidhaa. Ungekosea, na kama ungekuwa umesimama karibu, pengine ungekosea huku huna sikio.

Maana Suqin alikuwa binti wa Mzee Luan, na Mzee Luan alitengeneza soseji asubuhi na kufundisha upanga wa taiji, ile sanaa ya mapigano ya taratibu, jioni. Mimi nilimwona kwa macho haya akimnyoa nzi masharubu kwa ncha ya upanga, na nzi akaenda zake akijipapasa. Wapo wanaosema alikuwa nyuki. Wao hawakuwepo.

Upanga wake ulikuwa wa makali mawili, mnyoofu, mwembamba kama jani la tete, wa tangu enzi za wafalme. Kwenye bapa lake zilipachikwa nyota saba za shaba ya manjano. Mojawapo ilikuwa imeng'oka zamani, naye akaziba tundu kwa kipande cha shaba nyekundu alichokikata kwenye birika la mkewe, kwa hiyo nyota hiyo ilikuwa nyekundu kuliko wenzake. Mkewe hakumsamehe kwa lile birika. Ulipotikiswa, upanga ule ulikuwa na sauti. Haukulia kama chuma. Uliimba kidogo, kama mtu anayeimba huku anafua.

"Upanga hauchezwi kwa mkono," Mzee alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Huchezwa kwa kiuno. Na adui msimzuie. Akitaka kwenda, msindikizeni. Akitaka kuja, mkaribisheni. Ataanguka kwa uzito wake mwenyewe, na ninyi mtasema pole."

Suqin aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango wa jiko, kwani mtoto wa kike hakuruhusiwa kupiga magoti na kutoa chai. Kwetu chai ndiyo mkataba. Unapiga magoti, unamtolea mtu kikombe kwa mikono miwili, akinywa, basi yeye ni mwalimu wako na baba yako mpaka mmoja wenu aoze. Suqin hakutoa chai. Lakini wanafunzi wakiondoka, baba yake alikuwa akimpa mwiko wa kukorogea mchuzi na kumwambia, "Haya, nionyeshe ulichoiba." Alikuwa ameiba kila kitu, na kuliko wote.

Aliyetoa chai ni Kang Deyao. Huyu alikuja mjini akiwa mvulana mwembamba asiye na mtu, na Mzee Luan akampenda. Alikula soseji za nyumba ile mpaka jasho lake likanuka punda. Mama yake Suqin alimfulia na kumshonea viatu. Ulimi wake ulikuwa mtamu. Mimi ulimi mtamu naujua, ninao, ndiyo maana sikumwamini.

Kisha ikaja ile miaka ya vurugu, vijana wakajifunga vitambaa vyekundu mikononi na kuvunja kila kilichokuwa cha kale. Mzee Luan akauficha upanga ndani ya tanuri la moshi, nyuma ya soseji zinazokaushwa. Watu wa nyumba ile tu ndio waliojua. Siku vijana walipokuja, Kang Deyao alikuwa mbele, kitambaa mkononi, na hakutafuta popote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tanuri, akaingiza mkono, akautoa.

Walimsimamisha Mzee juu ya kigoda uani, wakamvika kofia ndefu ya karatasi. Mtaa mzima tuliitwa tutazame. Kang akaomba kikombe cha chai. Mama yake Suqin, maskini, akadhani mtoto amelainika, anataka kumpa mwalimu wake anywe, akakimbia akaileta. Kang akakishika kikombe kwa mikono miwili, sawasawa na ile siku ya kwanza, kisha akakiinua akammiminia Mzee kichwani.

"Nakurudishia chai yako," alisema.

Karatasi ya ile kofia ililowa ikamwangukia usoni. Suqin alikuwa msichana wa kusuka mikia miwili ya nywele. Hakulia. Alimtazama Kang kwa namna ambayo, kama macho yangekuwa na makali, tungekuwa tunamzika vipande vipande.

Mzee hakuumaliza ule msimu wa baridi. Tulimzika kwa mkeka wa matete, haraka, bila zumari. Upanga tukaambiwa umeyeyushwa ukawa sufuria.

*

Sufuria gani! Miaka ilipotulia, Kang Deyao alifungua shule ya upanga. Shule kubwa, lango lina simba wawili wa mawe, na katikati ya ukumbi sanduku la kioo, na ndani ya sanduku upanga wa nyota saba, moja nyekundu. Wageni wakaja kwa mabasi. Yeye akaacha ndevu, akavaa hariri nyeupe, akawa Mwalimu Mkuu Kang.

Watu wa televisheni walipomjia, tulikusanyika kwangu kumtazama. Suqin alileta ubao wake na soseji za kukata, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure.

"Mwalimu wangu alinikabidhi upanga huu niufiche usiharibiwe," Kang alisema kwenye kioo, na machozi yakamtoka, nami nikaapa yalikuwa ya kitunguu. "Aliniambia, Deyao, wewe ndiwe mwanangu. Hakuwa na mwanafunzi mwingine."

Mtangazaji akamuuliza: kwani Mzee hakuwa na binti?

"Yupo. Dada yetu huyo ni mtu mwema. Anajua kuosha matumbo ya punda."

Chumba kizima tukamgeukia Suqin. Aliendelea kukata. Alikata kipande chembamba hivi kwamba nilimwona Kang kupitia ndani yake, ndevu na yote. Halafu akakitia mdomoni akakitafuna polepole.

"Shoga," nikamwambia, "twende mlangoni pake tukamtukane. Mimi nina matusi ya urithi, bibi yangu aliniachia, sijawahi kuyatumia yote."

"Nikimtukana atakuwa ametukanwa," alisema. "Kesho ataoga. Mimi namtaka aanguke."

"Basi mpige."

"Nikimpiga nitakuwa muuza soseji aliyempiga mwalimu."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamngoja aje. Akija nitamkaribisha."

Watu wetu wanasema muungwana akilipa kisasi baada ya miaka kumi hajachelewa. Suqin hakuwa muungwana, kwa hiyo alichukua muda wake. Aliolewa, akafiwa na mume, akamlea mama yake. Alfajiri aliwafundisha wanawake wa mtaa upanga kando ya bwawa, kila mmoja na tete lake mkononi, na tukiulizwa tunasema tunafanya mazoezi ya mgongo. Nami nilikuwepo. Sikuwa mbaya. Siku moja nilikata upepo na mwenzangu wa nyuma akapata mafua.

Katika kungoja huko mimi sikuwa na subira kama yeye. Nilinunua ndege msemaji sokoni, nikamfundisha kusema "Mwizi! Mwizi!", kisha nikamtuma mtu amuuzie Kang kama ndege wa bahati. Ndege yule aliishi pale ukumbini majira mazima, kila mgeni akiingia anaitwa mwizi. Suqin aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanigombeza: "Usimtikise. Mtu ukimtikisa kabla ya wakati anajua miguu yake iko wapi."

*

Mama yake Suqin akafa akiwa mkongwe hata meno yalikuwa yamemrudia, na msinibishie, niliyaona. Asubuhi hiyo Suqin alimwosha mama yake, akamvika, akavaa nguo nyeupe za msiba, kisha akaniambia, "Nisindikize kwa Kang."

"Kufanya nini?"

"Hatuna mtoto wa kiume nyumbani. Nani atavunja chungu?"

Nikamwelewa nusu. Kwetu maiti haitoki nyumbani mpaka kile chungu cha udongo kilichochomewa fedha za wafu, zile za karatasi wanazotumiwa ahera, kipigwe chini kivunjike, na anayekivunja ni mtoto wa kiume. Avunjaye chungu ndiye mtoto. Hakuna mahakama itakayosema vingine. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume hutafuta mpwa, au binamu, au yeyote yule, na siku hiyo huyo yeyote huwa mrithi.

"Unakwenda kumpa huyo shetani?" nikasema. "Umerogwa?"

"Amesema kwenye televisheni yeye ni mtoto wa baba. Namsindikiza anakotaka kwenda."

Tulimkuta Kang ukumbini, wanafunzi wamejipanga, na mwanafunzi wake mkubwa, Ou Tiesheng, jitu zuri lenye moyo mweupe, anawahesabia pumzi. Mfiwa anayepeleka habari kwetu hupiga magoti. Suqin akapiga magoti mbele ya Kang.

"Kaka Deyao, mama ametutoka."

"Aa, dada mdogo! Inuka, inuka!" Lakini hakuharakisha kumwinua. Alipenda kumwona pale chini, na wanafunzi wanaona.

"Wewe ndiye uliyewaambia watu wote baba alikufanya mtoto wake. Njoo umvunjie mama chungu."

Uso wa Kang ukawaka kama taa ya sikukuu. Alikuwa na watu waliomnong'ona, wazee waliokumbuka kile kikombe. Sasa binti mwenyewe, kwa magoti yake, anamwita mtoto! "Ni haki yangu," akasema. "Ni wajibu wangu, nataka kusema. Nitawaita na wale wa televisheni."

"Waite kaka, mama alipenda watu." Suqin bado yuko chini. "Na baba tutamfukua kwenye ule mkeka tumlaze na mama kwenye jeneza zuri. Unajua mila: mtoto ndiye humwekea baba mkononi kitu alichokipenda."

Ou Tiesheng akageuka kulitazama sanduku la kioo. Wote tukalitazama.

"Upanga ule," akasema Kang, "ni urithi wa shule, dada."

"Sawasawa, kaka, nakuelewa." Suqin akainuka akajifuta magoti. "Basi nitamwita binamu yetu wa kule kijijini, yule fundi matofali. Yeye atavunja chungu, naye hana cha kumwekea baba ila mwiko. Wale wa televisheni waambie wasije."

"Ngoja! Kwani nimekataa? Nimesema ni urithi, sikusema siutoi. Mazishi lini?"

"Kesho kutwa."

Akafikiri kidogo. Kisha nikaona tabasamu likimpanda usoni taratibu, kama paka anayepanda juu ya meza ya samaki. "Kesho kutwa inatosha," akasema.

Njiani nikamshukia Suqin kwa maneno. "Mjinga wewe! Ungemwambia leo hii, auchukue pale pale. Umempa siku mbili! Atatengenezesha wa bandia!"

"Nikimshtukiza ataleta wa kweli," alisema, "nao utaozea ardhini."

Akaniacha njia panda na kinywa wazi, akaenda kununua fataki.

*

Mazishi yalikuwa makubwa, zumari zinalia hata mabata wa bwawani wakashika matanga. Mtoto wa marehemu kwetu hana cheo siku hiyo. Anavaa gunia la katani, anajifunga kamba kiunoni, na kila mgeni anayeingia kutoa heshima, awe tajiri awe muuza tofu, yeye humpigia magoti na kugusa ardhi kwa paji la uso. Kang alijua hilo. Asichokijua ni kwamba mlango wa nyuma wa nyumba ya Suqin hufungukia jikoni kwangu.

Wanawake wa matete wakaingia mbele, wakainama, Kang akapiga magoti. Wakatoka nyuma, wakabadilisha vitambaa vya kichwa jikoni kwangu, wakanywa maji, wakazunguka, wakaingia tena mbele. Kang akapiga magoti. Mimi mwenyewe niliingia kama mimi, nikaingia kama dada yangu, nikaingia kama dada yangu mwingine ambaye sina.

"Shangazi," akaniambia kwa sauti ya chini, jasho linamdondoka puani, "si umekwisha kuja?"

"Yule alikuwa pacha wangu, mwanangu. Piga magoti vizuri, maiti inakuona."

Televisheni inapiga picha yote. Alikuwa amewaita mwenyewe.

Ulipofika wakati wa kufunga jeneza, mifupa ya Mzee Luan ikiwa imelazwa kwa hariri ubavuni mwa mkewe, Kang akaleta upanga umefungwa kitambaa cha manjano. Akaufunua. Watu wakasema aaah. Nyota saba, moja nyekundu, kutu mahali pake, mpini umechakaa.

Suqin akaupokea. Akauweka juu ya kidole kimoja, karibu na kikingio cha mkono, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Upanga mzuri hukaa juu ya kidole kama ndege juu ya tawi. Huu ulipiga mbizi. Mimi nilikuwa karibu, nikainama kama ninayelia, nikaunusa. Mafundi wa vitu vya kale vya uongo huvizika kwenye zizi la nguruwe vipate kutu upesi. Na ile nyota nyekundu, kama mimi si kipofu, ilipakwa rangi ya kucha.

"Suqin," nikamnong'oneza, "upanga huu umelala na ngu—"

Akanifinya paja, alama ilikaa mpaka sikukuu ya vuli ya keki za mwezi. Nikageuza neno likawa kilio: "Ngu-u-uuu! Nguvu zimetuishia!" Watu wakanihurumia.

"Kaka Deyao," akasema Suqin kwa sauti ya kusikika na watu wote, "mimi ni muosha matumbo, vitu hivi sivijui. Huu ndio upanga wenyewe wa baba?"

"Ndio."

"Si mwingine unaofanana nao?"

"Dada, unanifedhehesha! Ndio wenyewe. Kama si huu, roho ya mwalimu inikate ulimi."

"Kwa hiyo hapa duniani, ukiacha huu, upanga wa Luan hakuna tena."

"Hakuna!" akasema Kang, na kamera ikamsogelea, naye akaigeukia akaiambia vizuri: "Upanga wa Luan unarudi leo kwa mwenyewe. Hakuna mwingine."

Suqin akauweka jenezani. Misumari ikapigwa. Kang akakiinua chungu juu ya kichwa, akakipiga chini kikawa unga, vipande vikaruka mpaka barabarani, na mtaa mzima ukapiga kelele: "Mtoto amevunja!" Alikuwa na furaha. Masikini, alikuwa na furaha kweli.

Jioni, tukikusanya viti, Suqin alikuwa akiimba chini kwa chini.

"Unaimba nini na umedanganywa mbele ya dunia?" nikamuuliza.

"Ameingia," alisema.

*

Siku ya saba baada ya kifo, mtoto hupokea wageni kwa jina la marehemu. Kang alipokea shuleni, kwa sababu shuleni ndiko kwenye nafasi ya wakubwa. Bado yuko katika gunia lake la katani. Tulikwenda na Suqin, wanawake wote wa matete, na shada refu la soseji.

Na kwenye sanduku la kioo, mabibi na mabwana, upanga. Nyota saba, moja nyekundu. Chini yake kumebandikwa karatasi mpya, na Ou Tiesheng akatusomea sisi tusiojua kusoma: "Nakala ya upanga wa Mzee Luan."

Mnaona akili yake? Mabasi yaendelee kuja, sanduku lisikae tupu. Akaurudisha wa kweli palepale, akauita wa uongo. Nani atajua? Nilitaka kucheka, nikajiziba mdomo kwa soseji.

Suqin akasimama mbele ya kioo. Niliona mgongo wake tu. Ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

"Kaka," akasema, na ukumbi wote ulikuwa pale, wakubwa wa wilaya na chai zao, wanafunzi, wageni, "nyumbani sina kumbukumbu ya baba hata moja. Nipe hii nakala yako nikaitundike juu ya picha yake."

Kang akamwagikiwa na chai. "Hii? Hii imechakaa, dada mdogo. Nitakupa mpya. Tiesheng! Nenda ghalani, mletee shangazi yako ule unaong'aa, wenye mapambo ya lulu!"

"Mpya utaonekana ninajivuna. Mimi mtu wa soseji. Hii iliyochakaa inanifaa."

"Hii... fundi alihangaika nayo sana."

"Atatengeneza nyingine. Nakala si ndiyo sababu ya kuitwa nakala?"

Mkubwa mmoja wa wilaya akacheka. "Kweli kabisa, Mwalimu Mkuu. Mpe dada yako."

"Au ina nini, kaka?" Suqin aliuliza kwa upole, upole ule ule wa mtu anayepapasa punda kabla ya kisu. "Kama ina kitu, sema. Tupo wote hapa. Tutakwenda tukafukue jeneza tulinganishe."



Nilimtazama Kang akitafuta pa kuweka mguu. Akisema ndio wa kweli, basi amemzika mwalimu wake na uongo mkononi, ameapa kwa roho yake mbele ya kamera, na chungu alichokivunja ni cha bure. Akisema ni nakala, kwa nini anaing'ang'ania?

Aliyemmaliza ni Ou Tiesheng, kwa moyo wake mweupe. "Mwalimu, mimi nitamtolea shangazi," akasema, akafungua sanduku, akautoa upanga, akampa mwalimu wake aukabidhi kwa heshima. Kang akauchukua. Mikono ilikuwa inatetemeka hata upanga ukaimba kidogo. Mimi na wazee wengine wawili watatu tulioujua ule wimbo tukatazamana.

"Kaka," Suqin akamkumbusha, "uko kwenye matanga."

Mtoto aliye matangani hutoa kitu kwa magoti. Mtaa wote unajua, hata wale wa wilaya wanajua. Kang Deyao akapiga magoti. Akainua upanga kwa mikono miwili juu ya kichwa, mpini ukielekea kwa Suqin, kichwa kimeinama, kama mtu anayetoa kikombe cha chai.

Suqin hakupokea mara moja. Alimwacha pale. Nami nikamwona yule msichana wa mikia miwili ya nywele, na ile kofia ya karatasi iliyolowa, na najua Kang naye aliiona, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

Kisha akaupokea, akamvika Kang shada la soseji shingoni. "Nakala haichukuliwi bure," alisema. "Kula, ulikuwa unazipenda."

Akatoka uani. Akasimama, miguu pamoja, upanga nyuma ya mkono wa kushoto kama inavyoanzwa. Kisha akacheza mtindo wa baba yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sitasema mengi, maana nikisema mtadhani ninaongeza. Nitasema tu kwamba mkufunzi mmoja alikuwa anavuta sigara, na alipoitazama ilikuwa imegawanyika mara mbili kwa urefu na bado inawaka. Upanga uliimba wakati wote, yule ndege wangu, aliyekuwa amefukuziwa kwenye mti wa uani, akaacha kusema mwizi akaanza kuufuatisha. Mama muosha matumbo alikwenda kwa kiuno, kipande kwa kipande, na wanafunzi wa Kang waliokuwa wamelipia shule miaka walisimama vinywa wazi.

"Hata nakala inaimba mkononi mwake," alisema Ou Tiesheng. Siku ya pili alikuja kwa Suqin na kikombe cha chai. Suqin akainywa.

Kang alikuwa ameegemea nguzo, soseji shingoni. Suqin alipopita akamnong'oneza, "Ulijua."

"Nilijua nini, kaka?"

"Ule wa kaburini."

"Ule wa kaburini ndio wa kweli. Umeapa mwenyewe. Ukiutaka, kachimbue."

*

Shule ilififia, kama zinavyofifia shule zenye sanduku tupu. Lakini msidhani Suqin alimaliza hapo. Mtu aliyevunja chungu ni mtoto, na mtoto kila masika, siku ya kufagia makaburi, huja kufagia. Asipokuja, mtaa mzima utamtemea. Kwa hiyo Kang Deyao huja. Anang'oa magugu, anachoma fedha za wafu, anapiga magoti mbele ya mtu ambaye yeye alimmiminia chai kichwani.

Sisi hutangulia. Suqin hubeba kigoda, mimi hubeba mbegu za alizeti, na upanga hulala mapajani mwake umefungwa kitambaa. Mwaka huu Kang amezeeka, magoti yanalia kama mlango. Alishuka kwa kushika ardhi, mkono mmoja, halafu wa pili.

Suqin akatema ganda la mbegu.

"Rudia, kaka," akamwambia. "Umeinama kwa mikono. Baba alisema kwa kiuno."

Akarudia.